Mavuno ya Josias

Ukingo wa mto Mosel, Ujerumani
14 Septemba 2023

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Agathe,

Nakusalimia wewe na shemeji Pontien. Naamini goti lake limepona na amerudi kazini bandarini. Mama akipiga simu kutoka Uvira, Kongo, mwambie nimefika salama na nakula vizuri. Mpe Sonia mkono wangu, na mwanetu Grâce umbusu kwenye shavu lile lenye kishimo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu yangu ilitumbukia ndani ya pipa la zabibu siku ya pili tu ya kazi, na ilipotolewa ilikuwa inatoa juisi. Mpaka nipate nyingine tuandikiane, kama baba alivyokuwa anatuandikia kutoka Kalemie. Hii naituma kwenye ile ofisi ya meli unayofanya usafi, maana pale Point, Durban, kwenye flat zenu barua zinaishia kwenye ngazi.

Yaya, shamba hili limebandikwa ukutani. Mlima umesimama wima juu ya mto, udongo wenyewe ni mawe meusi bapa, na ukiteleza hushiki kitu mpaka chini. Wengine wanakata vichala kwa mkasi mdogo. Mimi, kwa kuwa bado kijana, nimepewa kikapu kikubwa cha plastiki cha mgongoni, wananijazia zabibu nashuka nazo hadi kwenye trekta. Jioni mabega hayana hisia. Pale chuoni Glenwood walitufundisha mzabibu kwa picha ukutani, hawakutuambia kwamba nyuki wanakuja nao.

Watu wa hapa wana mambo. Kwenye robot, taa za barabarani, wanasimama kungoja ya kijani hata kama barabara ni tupu na mvua inanyesha. Jumapili nilitoka nje kupiga buti zangu ukutani ziachie matope, jirani akaja mpaka langoni akaniambia polepole, kama unavyomwambia mtoto, "Leo ni Jumapili." Kelele hakuna, hata chupa hutupi. Na nyumba zinazouza divai yao wenyewe zinatundika fungu la matawi mlangoni. Tawi likiwepo, unaingia, unaketi kwenye benchi na watu usiowajua, unaletewa divai changa ambayo bado inachachuka, nyeupe kama maji ya mchele, pamoja na keki ya vitunguu. Tawi likiondolewa, hakuna anayebisha hodi tena.

Mwenye shamba ni mzee, mapafu yanamsumbua. Anayetuongoza ni binti yake, anaitwa Anke. Mkali, lakini haonei mtu.

Stage, haya mafunzo ya kazi ya chuo, inaisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Mwambie Sonia Noeli nitakuwa nyumbani.

Mdogo wako,
Josias


Point, Durban
20 Oktoba 2023

Kwa mdogo wangu Josias,

Barua yako niliikuta mapokezi, yule dada wa pale aliniwekea chini ya kompyuta yake. Tuko salama kwa neema ya Mungu. Shemeji yako amerudi kazini, ila anachechemea na hataki niseme. Mama anasali kwa ajili yako. Joto limeanza, na kwenye jengo letu maji yanakatika asubuhi kama kawaida.

Nilimsomea Sonia barua yako Jumapili baada ya ibada. Alicheka sana hapo kwenye simu iliyotoa juisi. Grâce aliomba barua, akainusa, akasema haina harufu ya zabibu.

Sasa sikiliza. Kaka yake Sonia, yule Léonce anayeendesha lori la makontena, alikuja. Amehamia Cape Town na anataka dada yake aende naye. Anasema mwanamke hawezi kukaa na mtoto katika chumba cha kupanga huku mume yuko Ulaya hapigi hata simu. Alisema mbele yangu, "Mimi wanaume wa Ulaya nawajua." Nilimjibu kwamba wa kwetu hamjui. Nilimwambia Josias nimemlea mimi tangu baba alipofariki, na kama hatarudi Noeli, aje anidai mimi.

Sonia alisikia. Baadaye aliniambia, "Yaya, nabaki." Anasuka nywele pale saluni tangu asubuhi mpaka vidole vinavimba. Tafuta simu. Hata ya kuazima. Mtoto anahitaji sauti.

Mungu akulinde,
Agathe


Ukingo wa Mosel
26 Novemba 2023

Yaya mpenzi,

Nimefurahi kusikia nyote wazima. Pole kwa shemeji. Huku baridi imeshuka ghafla, asubuhi majani yana chumvi nyeupe ya barafu.

Mavuno yamekwisha. Siku ya mwisho trekta lilipambwa matawi na riboni, tukapanda juu ya mapipa tukaingia kijijini tukiimba, mimi nikiimba maneno nisiyoyajua. Kisha karamu. Anke alitupikia nyama ya nguruwe na viazi kwenye sufuria moja kubwa, na baba yake akashuka kitandani kuja kutushika mikono mmoja mmoja. Baada ya hapo ikafika siku ya watoto kutembea na taa za karatasi gizani, nyuma ya mtu aliyepanda farasi na joho jekundu, mpaka kwenye moto mkubwa kando ya mto. Nililia kidogo, Anke akadhani ni moshi.

Sasa, yaya, usinikasirikie. Stage imeongezwa. Mzee hawezi tena kupanda mlima, na wakati wa baridi mizabibu lazima ikatwe matawi, kila shina. Anke peke yake hawezi. Nikikaa mpaka kiangazi nitajua kazi yote, na chuo kimekubali. Nimepewa chumba ndani ya nyumba badala ya kule stoo. Nimepewa na koti la marehemu kaka yake Anke, linanikaa kama nilipimiwa. Anke anasema niko na mikono mizuri ya mzabibu. Anke ananifundisha Kijerumani jioni, ananicheka.

Mwambie Sonia avumilie. Wewe unajua namna ya kusema naye.

Josias


Point, Durban
10 Februari 2024

Josias,

Salamu. Mama ni mzima. Shemeji yako amepewa kazi ya getini, ya kukaa. Sisi tuko.

Noeli ilipita. Sonia alikuwa amemshonea Grâce gauni la manjano la kwendea kukupokea uwanja wa ndege, barua yako ikafika gauni likiwa tayari. Alimvalisha akaenda naye kanisani hivyohivyo.

Januari mtoto aliugua nimonia. Alilazwa. Sonia alilala kwenye kiti kando ya kitanda, miguu ikavimba. Nilikuwa natoka kazini bandarini nakwenda moja kwa moja hospitali na sare yangu. Daktari mmoja aliuliza baba yuko wapi, Sonia akajibu, "Yuko shamba." Amepona sasa, ila amekonda, na amekuwa mtoto wa kutazama mlango.

Léonce alikuja tena, safari hii na lori lenyewe, tayari kupakia vitu. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia, "Utambeba mke wa mdogo wangu mimi nikiwa nimekufa." Aliniangalia akasema, "Yaya Agathe, wewe ni mtu mzuri, ndiyo maana nakuonea huruma." Akaondoka. Sikulala vizuri juu ya maneno hayo.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini hujawahi kumwandikia Sonia mwenyewe? Anajua kusoma. Anakaa hapa mbele yangu kama mgeni anayesubiri salamu za nyuma ya barua. La pili, huyo Anke ni nani? Jina lake limejaa ukurasa mzima, na la mwanao halimo hata mara moja.

Mtoto wa dada wa kanisani anasema amekuona kwenye mtandao, umeshika simu. Nilimwambia amekufananisha.

Agathe


Ukingo wa Mosel
2 Juni 2024

Yaya Agathe,

Nisamehe kimya. Niliposoma habari ya Grâce nilikaa kwenye ngazi ya stoo nikashindwa kula. Namshukuru Mungu amepona. Mwambie baba anampenda. Simu ninayo, ni ya kazi, haipigi nje ya nchi.

Anke ni mwenye kazi, basi. Mtu akifanya kazi na mwenzake tangu asubuhi, jina lake linatoka kwenye kalamu.

Sijui niandike nini cha kukufurahisha. Labda nikusimulie desturi moja ya hapa, mtacheka. Mtu mmoja wa hapa kazini ameoa. Jioni ya kabla ya harusi watu wote wa kijiji walikuja uani kila mmoja amebeba vyombo vya udongo, sahani, vikombe, bakuli, hata mmoja alileta sinki la choo kwenye toroli. Wanavirusha chini vipasuke. Kelele ile, yaya, utadhani vita. Kioo hakuna, kioo kinaleta mkosi, ni vya udongo tu. Halafu bibi harusi na bwana harusi wanapewa ufagio na lazima wafagie vyote, wawili peke yao. Ndiyo sheria yenyewe. Mtu mwingine akigusa vigae wanamzomea, hata mzazi. Na wakishakusanya rundo, wageni wanakuja wanalipiga teke, vigae vinatawanyika, kazi inaanza upya. Wanasema wawili wakiweza kumaliza bila kugombana, ndoa itadumu. Walimaliza. Mzee aliletwa na kiti chake mpaka dirishani kuangalia, akapiga makofi.

Mizabibu inachanua sasa. Maua yake ni madogo hata huyaoni, unayajua kwa harufu.

Nivumilie mwandiko. Nilikatwa na kigae kwenye kiganja, nimeshonwa, kalamu inaniuma. Usimsomee Sonia yote, atachoka.

Josias


Point, Durban
15 Julai 2024

Josias,

Mama anakusalimia. Hajui lolote, na mimi sina la kumwambia.

Nilimsomea Sonia yote. Uliandika nisimsomee, lakini mstari huo uko mwisho, na mimi huwa nasoma kuanzia juu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa ameketi mkekani anamtengeneza Grâce nywele, na shemeji yako alikuwa dirishani na redio yake. Nilipofika kwenye sinki la choo, wote tulicheka. Sonia alicheka mpaka akaachia kitana. Akasema, "Sasa hao wanafagia wakiwa wamevaa nini?" Nikasema sijui, hakuandika. Nikaendelea. Nikasoma maua ya mizabibu. Nikasoma mkono wako.

Sonia akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia, umekatwa na kigae.

"Rudi juu. Pale kwenye ufagio."

Nikasoma tena. Wawili peke yao. Ndiyo sheria yenyewe. Mtu mwingine akigusa wanamzomea.

Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yaya, sasa yeye alikatwaje?"

Nilisema labda ulipita tu pale ukateleza. Nilisema labda uliokota kimoja njiani. Niliongea sana, Josias. Shemeji yako alizima redio, akasema, "Agathe, acha." Nikaikunja barua.

Sonia alimaliza kusuka kichwa cha mtoto. Alikuwa na mistari bado, akaimaliza yote, akaifunga na shanga. Kisha akamwambia Grâce aende akacheze kwa jirani. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Mimi nilijua tangu lile koti." Na mimi nilikuwa nimeshindana na Léonce mlangoni kwa ajili ya aliyelivaa koti hilo.

Sasa nakumbuka mambo. Mahari ilitolewa, mchungaji aliwabariki, tulikula wali na kuku mpaka jioni. Ila kwenda ofisini kuandikisha ndoa kila siku ulikuwa na mtihani, ulikuwa na mafua, ulikuwa na foleni. Nilidhani ni uvivu.

Sihitaji desturi za Wajerumani. Andika neno moja. Umeoa au hujaoa?

Agathe


Ukingo wa Mosel
30 Septemba 2024

Yaya,

Salamu kwa wote. Mavuno yameanza. Mwaka huu ni madogo. Mwezi wa nne barafu iliangukia machipukizi, mashina mengi hayakuzaa kitu. Watu wanapanda mlima wanashuka na vikapu nusu. Mzee alizikwa Agosti. Hapa kaburi linakodishwa kwa miaka, ikipita na hakuna wa kulipia, jiwe linaondolewa anawekwa mwingine. Nilishangaa, lakini Anke anasema ndivyo ilivyo.

Kuna mambo hayaandikiki. Kama uliyajua, unajua. Sikuvunja sheria yoyote, kwenye karatasi niko sawa, huku na huko. Ningerudi Durban kufanya nini? Diploma ya kilimo nikauze chaja za simu? Yaya, nilimbeba kila mtu mgongoni, mama, wewe, Sonia, kila mtu alikuwa anangoja mimi niwe kitu. Sasa nimekuwa kitu na mnanichukia.

Sina ubaya na Sonia. Naomba akae hapohapo kwako. Nataka Grâce aje huku. Kuna shule nzuri chini ya kanisa, na chumba tumeshakipaka rangi. Anke anampenda kabla ya kumwona. Anke anajua nina mtoto. Kuhusu mama yake nilimwambia hayupo. Kwa Kijerumani neno lile linaeleweka namna nyingi, na mimi sikulifafanua. Anke akikuandikia, anajua Kiingereza kidogo, nakuomba usilifafanue na wewe. Ni ombi langu la mwisho kwako.

Josias


Point, Durban
24 Novemba 2024

Josias,

Sikusalimii. Nakupa habari kwa mpangilio zilivyotokea, ili usiseme hukuelewa.

Barua yako ya Septemba nilikaa nayo kwenye begi la kazi nisijue nimwonyeshe nani. Kabla sijaamua, likaja boksi. Limeandikwa jina langu, mtumaji ni Anke. Siku hiyo nilikuwa na homa sikwenda kazini, kwa hiyo yule dada wa mapokezi alipopiga simu, Sonia ndiye aliyekwenda kulichukua. Alitembea nalo kutoka bandarini mpaka hapa, anafikiri ni zawadi yako kwa mtoto. Alifurahi, Josias. Alikuwa amekuvua cheo cha mume, lakini alifurahi kwamba bado ni baba.

Alilifungulia mezani. Ndani iko taa ya karatasi yenye umbo la mwezi, ya wale watoto wanaotembea gizani. Ziko soksi za sufu, amezifuma mwenyewe, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Na iko kadi yenye msalaba mweusi pembeni. Sonia aliisoma kwa sauti, Kiingereza chake unakijua, anaweka kidole chini ya kila neno. Anke anasema anatupa pole nyingi kwa kifo cha mama yake Grâce. Anasema hawezi kuchukua nafasi ya marehemu na hatajaribu. Anaomba tumtumie picha ya marehemu aiweke chumbani kwa mtoto, ili asimsahau.

Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akakaa, akaniuliza, "Nilikufa na nini?"

Nilitoa barua yako kwenye begi nikampa. Kwa mara ya kwanza alisoma mwenyewe ulichoandika, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa kama mshitakiwa.

Nilimwomba msamaha kwa zile mara mbili nilizomzuia kaka yake. Hakuniambia amenisamehe. Alisema, "Yaya, wewe ulikuwa unamlinda mtoto wako." Na huo ndio ukweli unaoniuma zaidi, maana nimegundua nilikuwa namlinda mtu ambaye hayupo. Kwangu mimi neno hilo lina maana moja tu.

Léonce amekuja. Safari hii nilibeba mimi mwenyewe godoro mpaka kwenye lori, na shemeji yako na goti lake akabeba jiko. Grâce aliniuliza kama kwa mjomba kuna bahari. Nilimwambia iko. Wako Cape Town sasa, mtaa gani siandiki. Soksi amezichukua, kwa sababu kule ni baridi na aliyezifuma hana kosa.

Mama nimemwambia yote kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisimletee tena salamu zako mpaka atakapoziomba.

Lipo jambo moja la mwisho. Sonia hakutaka kuondoka bila kumjibu mwanamke yule, kwa sababu aliandika kwa adabu. Alikaa kwenye meza yangu akaandika kwa Kiingereza. Nakutafsiria, maana ni haki yako kujua: "Dada Anke, mimi ndiye mama yake Grâce. Asante kwa pole zako na kwa soksi, zinamtosha. Sijafa. Mimi ni msusi. Niliolewa na Josias kanisani hapa Durban na kila mtu alikuwepo. Sidai kitu kwako. Uliomba picha ya kuweka chumbani, nakutumia hii."

Alichagua ile ya harusi. Wewe umevaa suti ya kijivu ya kuazima kwa shemeji yako, yeye ameshika maua, mimi niko nyuma yenu nacheka mdomo wote wazi.

Bahasha niliandika anwani mimi, kwa jina la Anke peke yake. Niliipeleka wiki mbili zilizopita. Hii yako, ila mistari hii ya mwisho, niliiandika siku ileile nikaiacha kwenye kabati, nikabadilisha tarehe, nikangoja mpaka posta iliponihakikishia kwamba ile imefika kwanza.

Agathe